Beaujolais: fedha ya haraka na thamani ya vilimani

Kila Alhamisi ya tatu ya Novemba, mvinyo mwekundu wa Beaujolais Nouveau huanza kuuzwa, majuma machache tu baada ya zabibu kuvunwa. Faida kwa mkulima iko wazi. Wazalishaji wa mvinyo bora wa Bordeaux wanaposubiri mwaka mzima au zaidi mvinyo ukomae kwenye mapipa, yeye huingiza fedha kabla ya Krismasi. Biashara hiyo ndiyo iliyolitangaza jina la Beaujolais duniani, na ndiyo iliyokaribia kuliangusha.

Eneo lenyewe liko kaskazini mwa jiji la Lyon, mashariki mwa Ufaransa, na mvinyo wake mwekundu hutokana na zabibu aina ya Gamay. Mwaka 1395 Mtawala Philippe wa Burgundy aliamuru mizabibu hiyo ing'olewe katika himaya yake, akiiona duni. Kusini kidogo, kwenye vilima vya Beaujolais, ilipata ardhi inayoifaa: udongo wa mawe ya itale, usiotuamisha maji wala kuwa na rutuba nyingi, ambao huupunguzia mzabibu mazao na kuzikoleza zabibu ladha.

Mashada huingizwa tangini mazima. Zabibu za chini hupondeka kwa uzito wa zile za juu, huanza kuchachuka na kutoa kaboni dioksidi. Hewa hiyo ikishalijaza tangi, zabibu nzima nazo huchachuka ndani ya maganda yake. Matokeo ni mvinyo wenye harufu tele ya matunda na ukakasi mdogo. Nouveau hukaa humo siku chache tu, na mara nyingi hunukia ndizi mbivu.

Serikali iliruhusu mauzo hayo ya mapema mwaka 1951, na mwaka 1985 ikachaguliwa Alhamisi ya tatu ya Novemba. Mfanyabiashara Georges Duboeuf, aliyefariki mwaka 2020, aliigeuza siku hiyo kuwa sherehe ya kimataifa. Japani ikawa soko kuu la nje, shehena zikisafirishwa kwa ndege ili ziiwahi tarehe. Tangu mwaka 2004, mauzo ya huko yalipofika kilele, yamekuwa yakishuka.

Onyo lilikuwa limekwishatolewa. Baada ya mavuno ya mwaka 2001, mvinyo wa Beaujolais unaozidi katoni milioni moja ulikosa wanunuzi, ikabidi uondolewe sokoni. Wateja walikuwa wamezoea kuuona kama kinywaji cha siku moja, na sifa hiyo ikawaathiri hata wakulima wasiotengeneza Nouveau.

Hao wako zaidi kaskazini, kwenye maeneo kumi ya daraja la juu ambayo majina yake hayaruhusiwi kutumika kwa Nouveau. Fleurie hutoa mvinyo laini wenye harufu ya maua. Morgon una ladha nzito ya cheri. Moulin-à-Vent ni imara, na katika miaka mizuri huweza kuhifadhiwa zaidi ya miaka kumi. Kampuni ya Louis Jadot ya Burgundy iliiona thamani hiyo mapema, ikanunua Château des Jacques huko Moulin-à-Vent mwaka 1996. Huko Morgon, Marcel Lapierre alifuata mafunzo ya mwanasayansi Jules Chauvet, akatengeneza mvinyo bila viongezo vingi na kuwafungulia wenzake njia ya soko la mvinyo asilia.

Mezani, Beaujolais hupendeza ukipozwa kidogo, nyuzi 13 au 14 hivi. Uchachu wake hukata mafuta ya soseji za Lyon, na kwa kuwa hauna ukakasi mwingi, haumezi ladha ya kuku wa Bresse wala samaki aina ya salmoni. Moulin-à-Vent uliokomaa unastahili nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu.

Kwa mnunuzi wa hoteli au duka, hapa pana nafuu ya kweli: chupa ya Morgon kwa kawaida ni rahisi kuliko mvinyo mwekundu wa hadhi inayolingana kutoka Burgundy jirani. Kikwazo ni kwamba lebo nyingi za maeneo hayo kumi hutaja kijiji bila kutaja Beaujolais, hivyo sifa ya chupa bora hairudi kwa eneo zima. Wazalishaji wanapaswa kurekebisha hilo. Nouveau iendelee kulipa gharama za msimu, lakini mtaji wa utangazaji uelekezwe kwenye Fleurie, Morgon na Moulin-à-Vent, kwa sababu mvinyo huo una wateja mwaka mzima.