Plani ya afya ya usultani: nani alikuwa ku mkutano?

Wenzangu, wengi wetu tukimaliza chuo tunarudi kijijini na kusema: huku hakuna kazi. Iko moja, na haiombi konkuru.

Hapa Congo, eneo la afya linapashwa kuwa na CODESA: kamati ya wakaaji inayosaidiana na kituo cha afya kupanga kazi. Tena sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inapatia sekta na usultani uhuru wa kuongoza mali na bajeti yao. Basi karatasi ziko. Shida iko wapi?

Iko ku mkutano. Ukiwekwa siku ya soko ao wakati wa kupanda, wamama hawakuji. Ukifanyika mbali, muzee wa fimbo anabaki nyumbani. Kiziwi akifika, hakuna wa kumutafsiria. Njo maana tunajenga maternite yenye ngazi mbele ya mlango, na mama mwenye ulemavu anabebwa mugongoni.

Tangu tarehe 3 Mei 2022 kuna sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Lakini haifiki kijijini peke yake.

Sisi wa kilimo hatupandi mbele ya kuangalia udongo. Plani pia ni vile. Tembea nyumba kwa nyumba pamoja na RECO, uliza: nani haendi ku kituo, na juu ya nini? Njia, makuta, ao haya? Andika majibu, yapeleke ku mkutano, na kwa kila jibu uliza: franga zake ziko wapi ndani ya bajeti?

Kwenu, nani iko ndani ya CODESA?