Mawazo Mabaya Hayafukuzwi kwa Fimbo

Mkulima wa Heru Juu anaijua tabia ya maji ya mvua. Mvua kubwa inaponyesha juu ya kilima, maji hayatafuti njia mpya. Hufuata mfereji uleule yaliouchimba jana na juzi, na kila yanapopita huuongeza kina. Mwishowe mfereji huwa korongo, na udongo wenye rutuba huishia bondeni.

Mawazo mabaya nayo yana tabia hiyo. Mtu akijiambia mara moja, "Mimi sina bahati," si kitu. Lakini akilirudia neno hilo asubuhi, mchana na usiku kwa miezi mingi, wazo hujichimbia njia, na baadaye huja bila kuitwa. Mtoto akikohoa kidogo, mama hujiambia, "Huyu naye atanifia." Maharage yakinyauka katika shamba moja, baba hujiambia, "Kila ninachopanda huharibika."

Mtu wa namna hii watu husema "ana mawazo". Jirani humshauri, "Ndugu yangu, acha mawazo." Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini mara nyingi haumsaidii. Tuone kwa nini.

KWA NINI NI VIGUMU KUYAACHA

Kwanza, akili ya binadamu hushika baya kuliko jema. Watu 10 wakikusalimu vizuri njiani na mmoja akakutukana, usiku utamkumbuka nani? Utamkumbuka aliyekutukana. Si kwamba una moyo mbaya. Akili inakulinda, kwa kuwa anayesahau mahali alipomwona nyoka anaweza kuumwa.

Pili, wazo linalosukumwa hurudi. Mwaka 1987 mtaalamu wa Marekani, Daniel Wegner, pamoja na wenzake, waliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe, mnyama wa nchi za baridi. Kila aliyemfikiria alitakiwa apige kengele. Kengele zililia mara kwa mara! Jaribu wewe mwenyewe: kwa dakika moja, usimfikirie mbuzi mwekundu. Utaona kwamba mbuzi huyo hatoki. Ili kuhakikisha kuwa wazo halipo, akili hulazimika kulitafuta, na ikilitafuta hulipata.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mwili wenye hofu huliamini wazo la hofu. Ukikutana na nyoka, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hupiga mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukaza, na mwili huwa tayari kukimbia au kupigana. Nyoka akiisha kwenda zake, mwili hutulia. Lakini deni haliondoki kama nyoka. Mwenye deni hulala nalo na kuamka nalo, mabega yamekaza, kichwa kinauma, tumbo linasokota. Akili ikisikia moyo unapiga mbio, husema, "Bila shaka hatari ipo." Hofu ikiongezeka, moyo huzidi kupiga. Huo ni mzunguko, na maneno matupu ya "acha mawazo" hayaukati.

KUTULIZA MWILI KUNASAIDIAJE?

Mzunguko huo unaweza kukatwa kwa kuanzia mwilini. Hatuwezi kuuamuru moyo upunguze mwendo, lakini pumzi tunaweza kuiamuru. Pumzi ikienda polepole, moyo nao hufuata. Daktari Edmund Jacobson wa Marekani alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1929 jinsi ya kufundisha misuli kulegea, na jinsi hofu inavyopungua misuli ikilegea. Mwaka 1975 Daktari Herbert Benson, pia wa Marekani, alionyesha kwamba kama vile mwili ulivyo na njia yake ya kushtuka, unayo pia njia yake ya kutulia. Njia hiyo huimarika kwa mazoezi.

Fanya hivi:

1. Kaa mahali patulivu, kwenye kigoda au juu ya mkeka. Ukipenda fumba macho. Kama kufumba macho kunakutia hofu, yaache wazi.

2. Vuta pumzi taratibu kwa pua huku ukihesabu hadi 4. Itoe taratibu huku ukihesabu hadi 6. Usijilazimishe. Ukisikia kizunguzungu, pumua kama kawaida.

3. Baada ya dakika chache, kunja ngumi kwa nguvu, hesabu hadi 5, kisha ziachie. Sikia tofauti. Fanya hivyo kwa mabega, uso, tumbo na miguu. Sehemu yenye jeraha au maumivu iache.

4. Wazo baya likija, usigombane nalo. Sema moyoni, "Hilo ni wazo," kisha urudi kwenye pumzi. Likija mara 20, rudi mara 20.

Fanya dakika 10, asubuhi kabla ya kwenda shamba na jioni kabla ya kulala. Usingoje siku ya matatizo. Bwana shamba hatufundishi kuzuia maji kwa mikono mvua inaponyesha. Hutufundisha kuchimba makinga maji mapema. Usikate tamaa ukiona wiki ya kwanza hakuna mabadiliko. Korongo la miaka mingi halifukiwi kwa siku moja.

BAADA YA KUTULIA

Kutulia hakulipi deni, wala hakuponyi malaria. Faida yake ni kwamba mwili ukitulia, akili hupata nafasi ya kulipima wazo. Jiulize: Je, ni kweli kwamba kila ninachopanda huharibika? Mihogo je? Mwaka juzi je? Shamba moja likiharibika, ni shamba moja. Kisha jiulize: Ni jambo gani moja ninaloweza kufanya wiki hii? Labda ni kumwonyesha bwana shamba majani yaliyonyauka, au kuzungumza na anayekudai.

Kuzungumza na mtu unayemwamini husaidia pia. Huko Zimbabwe, Washona wana neno "kufungisisa", maana yake kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi mjini Harare kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza wenye mawazo. Bibi hamfokei mtu. Humsikiliza, kisha humsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Kasulu na Kibondo nako wapo akina bibi wenye hekima.

NENDA ZAHANATI MAPEMA

Huzuni ikizidi wiki 2, usingizi ukikosekana, chakula kisipopita, au mtu akishindwa kufanya kazi zake, aende zahanati au kituo cha afya. Huo ni ugonjwa, nao unatibika. Usiseme amerogwa, wala usimpe pombe asahau. Pombe huongeza huzuni. Akisema anataka kufa, msimwache peke yake. Ondoeni dawa za kuulia wadudu nyumbani na mpelekeni siku hiyohiyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni wazo gani baya linalokurudia mara kwa mara?
2. Kwa nini kumwambia mtu "acha mawazo" hakutoshi?
3. Fanyeni pamoja zoezi la pumzi kwa dakika 5. Kila mmoja aeleze alivyojisikia.
4. Katika kitongoji chenu, ni nani anayeweza kuwasikiliza wenye mawazo bila kutangaza siri zao?