Dhamana Si Faini: Maneno ya Mahakamani Yatakayokuokoa

Ijumaa moja jioni rumeti wangu alikamatwa. Laptop ya jirani ilikuwa imepotea, na yeye ndiye aliyeonekana koridoni mara ya mwisho. Kufika saa tatu usiku, grupu la hosteli lilishamwita mwizi. Sisi marafiki tukaanza kuchangishana hela "za kumtoa". Kishoka mmoja akatuambia dhamana ni laki mbili. Tukampa, akazima simu. Bumu lenyewe ndiyo kwanza lilikuwa limeingia!

Jamani, laki mbili zile zilikwenda kwa sababu hatukujua maana ya neno moja.

Dhamana ni ahadi kwamba mtu akiachiwa atarudi atakapohitajika. Mdhamini husaini bondi ya kiasi fulani, na kiasi hicho hudaiwa mtu akitoroka. Hainunuliwi. Mahakama inaweza kutaka fedha au hati ya mali iwekwe, lakini hiyo huwekwa rasmi, kwa stakabadhi. Faini ni kitu kingine: ni adhabu, na hutolewa baada ya mtu kutiwa hatiani. Yapo makosa yasiyo na dhamana, kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Kwa makosa mengi ya kawaida, polisi wakishindwa kumfikisha mtu mahakamani ndani ya saa 24, wanatakiwa kumwachia kwa dhamana.

Sasa lile neno "mwizi". Anayeshukiwa ni mtuhumiwa. Akisomewa mashtaka mahakamani anakuwa mshtakiwa. Akikosa dhamana anakaa rumande kama mahabusu, ambaye bado si mfungwa. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa ana hatia. Grupu letu lilitoa hukumu kwa dakika kumi.

Tutofautishe pia jinai na madai. Kwenye jinai, kama wizi au kujeruhi, anayeshtaki ni Jamhuri. Kwenye madai, mtu humshtaki mwenzake: mdai upande huu, mdaiwa upande ule. Ukimkopesha mtu elfu hamsini akashindwa kurudisha, hilo kwa kawaida ni dai. Ukienda kumtishia "nitakufunga", unajitisha bure.

Mahakama zenyewe, huku Tanzania Bara, ni kama ngazi. Chini kabisa ni Mahakama ya Mwanzo, ambako kesi nyingi za wananchi huanzia. Inafuata Mahakama ya Wilaya na Mahakama ya Hakimu Mkazi, halafu Mahakama Kuu, na juu kabisa Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa 1979. Mahakama za chini anakaa hakimu. Kuanzia Mahakama Kuu anakaa jaji. Usiporidhika na uamuzi unakata rufaa kupanda ngazi, ila saa inahesabu: kutoka Mwanzo kwenda Wilaya una siku 30. Na tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021, lugha ya mahakama ni Kiswahili, kwa hiyo kisingizio cha kutoelewa kimepungua.

Huna hela ya wakili? Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na wapo wasaidizi wa kisheria wanaohudumia bure. Waulize pia wenzetu wanaosoma sheria. Nasi ndio waliotuokoa. Jumamosi asubuhi mmoja wao alituambia tutafute mtu mzima mwenye kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Mjomba wa rumeti akaja, akasaini, wakaondoka wote. Hakulipa hata mia.

Kesi haikufika mahakamani, maana laptop ilipatikana kwa fundi, mwenyewe aliipeleka akasahau. Kwenye grupu, lile neno "mwizi" bado lipo. Hakuna aliyelifuta.