Je, Wajua? Arusha na Nishani ya Kapteni Mbaye

Je, wajua kwamba nishani ya juu kabisa ya ushujaa ambayo Umoja wa Mataifa huwatunuku walinda amani wake ina jina la mwanajeshi asiyekuwa na silaha? Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal alikuwa mwangalizi wa kijeshi mjini Kigali mwaka 1994. Kazi yake ilitokana na Mkataba wa Amani wa Arusha: serikali ya Rwanda na waasi wa RPF walitia saini tarehe 4 Agosti 1993, Tanzania ikiwa msuluhishi, na kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa, UNAMIR, kikaundwa ili kusaidia kuutekeleza.

Je, wajua aliokoaje watu? Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza Aprili 1994, waangalizi waliagizwa wasijiingize. Mbaye akajiingiza. Alipakia watu wachache garini, watatu hadi watano kwa safari, kisha akakabiliana na vizuizi vya wanamgambo wa Interahamwe, kimoja baada ya kingine. Penye watu wenye mapanga alisimama, akapiga soga, akatania, akagawa sigara, pengine na pesa, mpaka wakamruhusu apite. Alipowafikisha mahali salama, aligeuza gari kuwafuata wengine. Waliookoka kwa mkono wake wanakadiriwa kuwa mamia. Kwangu mimi huo ni ushujaa mzito kuliko wa mwenye bunduki, maana mwenye bunduki ana cha kujikinga nacho.

Miongoni mwa waliookolewa ni watoto wa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, aliyeuawa tarehe 7 Aprili.

Je, wajua kwamba haki ya mama huyo ilitafutwa Arusha? Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda ilikuwa na makao yake katika majengo ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha (AICC). Januari 2004 Jenerali Roméo Dallaire, aliyekuwa kamanda wa Mbaye, alitoa ushahidi humo. Tarehe 18 Desemba 2008 Kanali Théoneste Bagosora wa jeshi la Rwanda akatiwa hatiani kwa mauaji ya Agathe na makosa mengine mengi.

Mbaye hakuyaona hayo. Tarehe 31 Mei 1994 kombora la mota lilimuua kwenye kizuizi mjini Kigali, akipeleka ujumbe kwa Dallaire. Alikuwa na miaka 36.

Baraza la Usalama lilianzisha nishani yenye jina lake kwa azimio namba 2154 la mwaka 2014, na mjane wake akapokea ya kwanza mwaka 2016.

Je, wajua ya pili ilikwenda kwa nani? Kwa kijana wa Malawi aliyemwokoa Mtanzania. Novemba 2018, karibu na Beni, mashariki mwa Kongo, walinda amani wetu na wa Malawi walipambana na waasi wa ADF. Koplo mmoja wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) alijeruhiwa vibaya, asiweze kusogea. Private Chancy Chitete akamvuta hadi mahali pa kujikinga, akampa huduma ya kwanza huku risasi zikirindima, kisha yeye mwenyewe akapigwa risasi na kufa. Koplo alipona. Umoja wa Mataifa ulimtunuku Chitete nishani ya Mbaye mjini New York, Mei 2019.