Njaa Huacha Alama Tumboni

Mzazi wa Kangemi au Kawangware, huenda umemwona mtoto aliyetibiwa utapiamlo akirudi nyumbani na kuanza kuhara tena. Sababu moja imo utumboni. Humo mna bakteria wazuri wanaosaidia kusaga chakula na kuzuia maradhi. Mtoto akikosa lishe, bakteria wake hufanana na wa mtoto mdogo kuliko yeye.

Je, dawa zatosha? Kati ya 2009 na 2013, watoto 1,778 wenye utapiamlo mkali walichunguzwa katika hospitali nne nchini, ikiwemo Mbagathi hapa Nairobi. Karibu nusu walipewa dawa ya kuua viini kila siku kwa miezi 6. Vifo havikupungua ikilinganishwa na wenzao. Lakini huko Bangladesh, utafiti uliochapishwa 2021 ulionyesha kuwa chakula chenye dengu, soya, njugu na ndizi mbichi kiliongeza uzito na kurekebisha bakteria.

Basi mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee miezi 6 ya kwanza. Baadaye, usimpe uji mtupu. Utie njugu zilizosagwa. Akikonda, apimwe mkono kliniki: chini ya sentimita 11.5 ni hatari.