BORANI AU NG'OMBE WA KIENYEJI? TUPIME KABLA YA KUNUNUA

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Likizo ya Desemba iliyopita kulizuka mabishano nyumbani kwetu, upande wa Ndhiwa, ambayo hayakwisha kwa usiku mmoja. Baba alirudi kutoka sokoni akasema ameamua: tutauza maksai wetu wote wanne, pesa zile zinunue fahali mmoja wa Borani. "Huyo akisimama hapa, kila mtu atajua boma lina ng'ombe," akasema. Mama akaweka sufuria chini. "Baba Akinyi, na mwezi wa tatu plau itavutwa na nani? Na wewe?"

Sisi watoto tulicheka, lakini kicheko hakikudumu. Maksai wale ndio wanaolima shamba letu na mashamba ya majirani wanaotulipa. Na karo yangu hutoka papo hapo. Basi nikaona, badala ya kusikiliza tu, nitafute ukweli. Nilimuuliza mwalimu wetu wa Kilimo, nikamsumbua daktari wa mifugo alipokuja kijijini, nikasoma. Haya ndiyo niliyoyapata, na nadhani wengi wenu mnaotoka Migori na Homa Bay yatawafaa.

BORANI NI NANI?

Borani ni ng'ombe mwenye nundu, jamaa ya zebu wetu. Asili yake ni nyanda za Waborana, kusini mwa Ethiopia, na aliingia kaskazini mwa Kenya pamoja na wafugaji wenyewe. Walowezi wa Laikipia na sehemu za jirani waliwanunua ng'ombe hao, wakawa wanachagua wazuri na kuwaondoa wabaya, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1951 wafugaji wake waliunda chama chao cha kutunza mbegu hiyo. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Umbo lile tunalolitamani halikuja kwa bahati.

FAIDA ZAKE

Kwanza, uzito. Ng'ombe wetu wa kienyeji akikomaa mara nyingi huwa kati ya kilo 200 na 350. Fahali wa Borani aliyetunzwa vizuri hufika kilo 500 hadi 850, na majike yake kilo 400 na zaidi. Hapo hapana mchezo, nyama ipo.

Pili, hazai kwa taabu. Ndama wake huzaliwa mdogo, kama kilo 25 hadi 30, kisha hukua haraka. Hilo ni jambo kubwa kwetu, maana fahali wake akipanda majike yetu madogo hatari ya ndama kukwama si kubwa kama ile ya mbegu nzito za Ulaya.

Tatu, ni mvumilivu. Jua kali, kutembea mbali kutafuta maji na nyasi kavu za kiangazi anavimudu kuliko ng'ombe wa kizungu. Tena ni mpole akizoeshwa, na jike lake humpenda na kumlinda ndama wake.

HASARA ZAKE

Sasa tugeuze upande wa pili, maana mizani ina sahani mbili.

La kwanza ni chakula. Mwalimu alitufundisha kwamba ng'ombe huhitaji kila siku kama kilo 2.5 za lishe kavu kwa kila kilo 100 za mwili wake. Fanya hesabu mwenyewe. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 atataka kilo 6 na kidogo. Borani wa kilo 600 atataka kilo 15. Yaani huyo mmoja anakula chakula cha karibu wawili na nusu! Na hiyo ni lishe kavu; nyasi mbichi zimejaa maji, kwa hivyo mzigo wa kukata ni mara kadhaa ya huo. Laikipia kuna maelfu ya ekari za ranchi. Huku kwetu, ukienda Rongo au Awendo, miwa imefika mpaka mlangoni na ng'ombe amefungwa kamba kando ya barabara. Fahali wa kilo 600 kwenye kamba atashiba nini?

La pili ni maziwa. Borani hutoa ya kumtosha ndama na ya ziada kidogo tu. Mwenye kutaka maziwa ya kuuza afadhali atazame Sahiwal, ambaye asili yake ni Punjab na ambaye jirani zetu wa Narok na Transmara wamemzoea.

La tatu, na hili ndilo lililotuumiza sisi wenyewe, ni magonjwa. Miaka michache iliyopita baba mdogo alinunua fahali wa Borani kutoka ranchi moja ya mbali. Mnyama alipendeza! Wiki ya nne tezi za chini ya masikio zikavimba, akapata homa, akawa anahema kama aliyekimbia mbio. Kabla hatujapata dawa, povu likamtoka puani, akafa. Ilikuwa ndigana kali, inayoletwa na kupe wa rangi ya kahawia wanaopenda kukaa masikioni. Ndama wa kienyeji aliyezaliwa huku huumwa na kupe hao tangu utotoni. Anayepona hujenga kinga. Fahali yule alilelewa mahali penye kupe wachache na josho la kila wiki, kwa hivyo hakuwa na kinga yoyote. Tulimleta kwenye vita bila ngao.

Tena kuna mbung'o. Bonde la Lambwe, ilipo Mbuga ya Ruma, linajulikana kwa mbung'o tangu zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 malale yaliwakumba hata watu bondeni. Kwa ng'ombe, ugonjwa huo wa mbung'o humaliza damu: mnyama hukonda huku anakula, manyoya husimama, na jike huharibu mimba. Wapo Borani wa Waorma, kule Mto Tana, ambao watafiti wamewaona wakiustahimili kuliko Borani wa ranchi. Lakini kustahimili si kutougua. Basi anayeishi Lambwe asidanganywe na jina "Borani" peke yake. Aulize ametoka wapi.

La nne ni soko. Borani thamani yake iko kwenye kilo, lakini masoko yetu mengi hayana mizani. Mnunuzi anamtazama ng'ombe, anampapasa mgongo, anataja bei kwa macho. Ati ndio biashara! Ukiuza kilo bila kupima, faida yote ya uzito inaweza kuishia mfukoni mwa dalali.

NG'OMBE WA KIENYEJI NAYE?

Tusimdharau. Dani, yaani nyanya yangu, aliposikia mabishano alisema: "Mahari huhesabiwa kwa vichwa. Hakuna aliyeleta kilo hapa." Tukacheka, lakini nikaona ana hoja. Ng'ombe wanne wadogo ni akiba iliyogawanywa mara nne. Mmoja akifa, watatu wamebaki. Karo ikidaiwa, unauza mmoja tu. Na maksai wa kienyeji huvuta plau, hula mabua baada ya mavuno, na kupe amewazoea. Ubaya wake ni kwamba hukua polepole mno na kilo zake ni chache, basi mchinjaji humlipa kidogo. Usiache mbachao kwa msala upitao, lakini pia mbachao ukichakaa ushone.

TUFANYEJE BASI?

Kwa maoni yangu, njia ya katikati ni kuchanganya damu. Badala ya kuuza maksai ili kununua fahali, tuchague jike letu bora la kienyeji lipandishwe kwa mbegu ya Borani. Huo uhimilishaji, yaani kupandisha bila fahali, si jambo geni Kenya. Kituo cha Kabete kimekuwepo tangu 1946. Au majirani kadhaa wachange wawe na fahali mmoja, mradi kwanza achunguzwe afya, asije akawagawia magonjwa. Ndama atakayezaliwa hupata kilo za babake, na kwa kuwa amezaliwa hapa hapa, atakutana na kupe na nyasi zetu tangu utotoni. Lakini nusu Borani naye hufa asipotunzwa. Kwa hivyo kuna masharti:

1. Achanjwe ndigana kali. Chanjo iliyotengenezwa Muguga huchomwa mara moja, vijidudu hai pamoja na dawa ya kuvizuia, na hufanywa na mtaalamu. Hata akichanjwa aendelee kunyunyiziwa dawa ya kupe, maana kupe huleta na magonjwa mengine. Na karibu na nyati chanjo hiyo hainguvu sana.

2. Karibu na Lambwe, watu watege mbung'o kwa mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi, na ng'ombe akionekana kukonda apimwe damu mapema.

3. Lishe ipandwe kwanza, ng'ombe afuate. Kituo cha icipe kule Mbita kimewafundisha wakulima mbinu ya vuta-sukuma: desmodiamu katikati ya mahindi, nepia pembeni. Inapunguza viwavi na kiduha, na papo hapo unapata chakula cha ng'ombe.

4. Wafugaji wauze kwa pamoja, na wadai mizani sokoni.

MWISHO WA MABISHANO

Nilipomsomea Baba hesabu ya kilo 15, alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Na huyo ndama wa kuchanganya atauzwa lini?" Nikamwambia kweli: mimba ni miezi tisa na siku kadhaa, halafu miaka mitatu au minne ya kumlea kwa malisho yetu. Mimi nitakuwa nimemaliza shule. Ndama huyo hatanilipia karo mimi. Atamlipia Akinyi, ambaye sasa yuko darasa la sita.

Baba hakusema ndiyo wala la. Lakini mwezi wa tatu maksai wote wanne walikuwa kwenye nira, na nyuma ya nyumba Mama alikuwa amepanda mistari mitatu ya nepia. Jike letu jekundu lilipandishwa mwezi wa nne. Tunasubiri.

Wewe msomaji, kabla mzazi wako hajafungua kamba ya ng'ombe wa nyumbani, mwombe kalamu na karatasi. Pigeni hesabu pamoja.