Nyonga ya Chuma na Saruji Yake

Mkulima wa Magomeni, Kilosa, ajua ya kuwa jembe halidumu kwa ugumu wa chuma peke yake. Mpini usipokazana na chuma, kila pigo huzidisha kulegea, hata siku moja chuma huchomoka. Kwa hiyo mkulima hutia kabari penye nafasi. Jambo lilo hilo huonekana katika kazi moja ya madaktari, nayo ni kubadili nyonga ya mtu.

Kunja ngumi, uifunike kwa kiganja cha mkono wa pili, kisha uizungushe. Hivyo ndivyo kichwa cha mfupa wa paja kikaavyo katika kikombe cha nyonga. Kiungo hiki kikiharibika, mtu huumia kila hatua, na huenda akashindwa hata kufika shambani. Hapo daktari hukata kichwa kibovu, akaingiza ndani ya mfupa kijiti cha chuma chenye kichwa cha mviringo. Na katika nyonga hutia kikombe cha plastiki. Pengine vyote viwili hushikizwa kwa saruji ya mifupa. Katika Tanzania, nyonga hubadilishwa katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996.

Je, kiungo hicho hudumu kwa sababu gani? Yako mambo matatu.

Kwanza ni mzigo. Mtu atembeapo, nyonga hubeba karibu mara tatu ya uzito wa mwili wake, na kila mguu hupiga hatua zipatazo milioni moja kwa mwaka.

Pili ni saruji. Saruji hii si gundi. Hujaza nafasi tu, kama ile kabari. Ni imara ikikandamizwa, bali ni dhaifu ikivutwa. Ikiwa nyembamba mno, au ikiwa na mapovu ya hewa, ufa huanzia hapo. Ndiyo maana daktari husafisha mfupa na kuukausha damu, kisha huisukuma saruji iingie katika vitundu vyake kabla haijaganda.

Tatu ni msuguano. John Charnley, daktari wa Uingereza, alitumia kwanza plastiki iitwayo Tefloni. Ilikuwa na utelezi mwingi, lakini ililika katika miaka michache, na wagonjwa wakapasuliwa tena. Mwaka 1962 akaanza kutumia polithini, plastiki isiyolika upesi, pamoja na kichwa kidogo cha milimita 22 hivi. Viungo vingi vya namna hiyo vimedumu zaidi ya miaka 20. Hata hivyo polithini nayo husagika kidogo kidogo, na vumbi lake huufanya mwili uumomonyoe mfupa ulio kando ya saruji. Ndipo kiungo hulegea.

Basi, mwenye nyonga mpya huambiwa atembee, lakini asirukeruke. Jembe halisifiwi siku ya kutiwa mpini. Husifiwa baada ya masika mengi.